Mtoto wa Fundi Makochi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alimnawisha uso mdogo wake, akamvalisha soksi, kisha akamketisha kwenye kochi lolote lililokuwa zima siku hiyo. Nyumbani kwao makochi hayakukosekana, ila hakuna hata moja lililokuwa lao. Baba yao alikuwa fundi makochi, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Fremu za mbao ziliegemezwa ukutani, na vipande vya sponji vilitapakaa hadi chini ya meza. Kochi likishapona, mwenyewe huja kulichukua, na watoto huhamia kwenye jingine.

Jina la Sindano alilipata kwa wembamba wake na, majirani walisema, kwa ulimi wake pia. Mdogo wake, mwenye miaka minne, aliitwa Sponji kwa sababu tangu alipoanza kutambaa alikuwa akisinzia juu ya mabaki ya sponji.

Fundi hakuwa baba mzazi wa Sindano. Baba mzazi aliondoka Sindano akiwa bado ananyonya, wala hakuonekana tena. Fundi alimwoa mama yake wakati Sindano anaanza kuongea, na neno "baba" Sindano alijifunza kwake. Sponji akazaliwa. Kisha, mwaka uliopita, mama akaugua na kufariki dunia, wakabaki watatu. Fundi akajifunza kusuka nywele. Mistari ilikuwa inapinda, lakini alisuka.

Jumapili moja, Sindano alialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Gauni alilipiga pasi tangu jana yake. Lakini asubuhi hiyo Sponji aliamka na homa, na Fundi alikuwa ameahidi kupeleka makochi kwa mteja.

"Mwanangu, leo nisaidie," Fundi alisema. "Kaa na mdogo wako, nakuachia simu. Nitajitahidi niwahi ili na wewe uende."

Jua likasogea, Fundi hakutokea. Sindano alikaa amenuna na gauni lake mwilini, huku Sponji akimlalia mapajani. Simu ikaita. Alikuwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyefanya kazi ya ukunga katika mji mwingine.

"Hujambo mwanangu? Mnaendeleaje huko?"

"Hatuendelei," Sindano alijibu. "Mimi hapa ni yaya tu, kutwa kulea. Siku nyingine tunalala bila kula."

"Bila kula?"

Hapo angeweza kulirudisha neno lake. Lakini hasira ilikuwa imemjaa. "Ndiyo. Na yeye wala hajali. Kwani ni baba yangu?"

Fundi alirudi jioni, jasho linamtoka, gari lililobeba makochi lilikuwa limeharibika njiani. Mkononi alishika kipande cha keki ndani ya karatasi. Alikuwa amepita kwa wenye sherehe, akiwa na nguo zake za kazi, kumwombea binti yake kipande hicho. Sindano aliila keki yote, hasira zikaisha, na yale maneno ya kwenye simu akayasahau.

Mama Mkubwa hakuyasahau. Jumamosi alifika pamoja na Mjomba, kaka yao. Walisalimiana vizuri, wakakaribishwa kwenye kochi lililoshonwa nusu, Mjomba akachomwa na msumari, akainuka haraka akijifanya anatazama picha ukutani. Watoto wakaambiwa watoke nje.

Sindano alisimama chini ya dirisha, Sponji akiwa mgongoni.

"Shemeji, hatukuja kugombana," ilikuwa sauti ya Mama Mkubwa. "Ulimtunza dada yetu mpaka mwisho, hilo hatulisahau. Lakini mtoto wa kike anakua. Familia ni baba, mama na watoto. Hapa naona mwanamume na makochi. Kwangu kuna baba, kuna mama, kuna wenzake. Sponji ni damu yako, abaki; Sindano tunamchukua. Na mtoto mwenyewe amenieleza kwa kinywa chake. Analala na njaa."

Sindano alingoja Fundi aseme kwamba ni uongo.

"Amesema hivyo mwenyewe?" Fundi aliuliza.

"Mwenyewe."

"Basi siwezi kubishana naye. Wala na nyinyi. Nyinyi ndio ndugu zake."

Sindano alimtua Sponji chini akaingia ndani mbio. "Mama Mkubwa, mimi nili..."

"Wakubwa wanaongea," Mjomba alimkatiza. "Kakusanye nguo zako."

Alimtazama Fundi, lakini Fundi alikuwa ameinama, anang'oa msumari ambao haukuwa na kosa lolote. Angekirije uongo wake mbele ya watu wote hao, na mbele ya Fundi? Aliingia chumbani akakusanya nguo. Sponji alimfuata akimpa kandambili moja baada ya nyingine, akidhani ni mchezo.

Walipofika mlangoni na begi, ndipo Sponji alipoelewa. "Na mimi je?" alimwuliza Mjomba. "Mimi nachukuliwa na nani?"

Mjomba alibeba begi akatangulia. Sindano alipogeuka kwenye kona ya mtaa, alimwona Fundi bado amesimama mlangoni, amemshika Sponji mkono, na Sponji analia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa nzuri. Kulikuwa na kochi lisiloondoka, na binamu wawili waliomgawia kitanda na vitabu vyao. Mume wa Mama Mkubwa, dereva wa malori, alikuwa safarini, akipiga simu kila jioni kuulizia habari za watoto. Hakuna aliyemwonea Sindano, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Hakuwa na la kulalamikia. Alikula kidogo, akajibu alipoulizwa, na kila mlango ulipogongwa aliinua kichwa. Usiku huohuo aliokuja, na usiku uliofuata, alijaribu kupanga maneno ya kusema, akashindwa.

Siku ya tatu Mama Mkubwa alirudi kutoka zamu, akaketi jikoni kuvua viatu. "Nimempigia shemeji," alisema. "Sponji hali chakula. Anakaa mlangoni na kandambili yako moja. Kumbe uliisahau."

Sindano aliachia sahani aliyokuwa akiikausha. Haikuvunjika, ilizunguka tu sakafuni ikapiga kelele.

"Nilidanganya," alisema. "Hatujawahi kulala na njaa. Hata siku moja. Nilikosa sherehe, nikakasirika."

Mama Mkubwa aliweka kiatu chini. Hakupiga kelele. Alichukua simu, akaiweka sauti ya juu ili Sindano asikie, akampigia Fundi.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia ni uongo? Nilikutukana nyumbani kwako na wewe umenyamaza tu!"

"Sikujua kama ni uongo," Fundi alijibu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nilijiuliza sana. Nilidhani labda nampakulia kidogo. Mtoto akisema ameona njaa, nitamwambiaje hakuiona? Tangu mmeondoka napika sufuria zima, na wa kula hayupo."

Sindano alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo akalia. Alijua kwamba kwa siku zote hizo mtu asiye na kosa alikuwa akijitafutia kosa.

Mama Mkubwa aliomba ruhusa kazini, na kesho yake wakapanda basi. Njiani Sindano alimwomba amsaidie kuongea.

"Hilo siwezi kukusaidia," Mama Mkubwa alisema. "Kudanganya ulidanganya mwenyewe, na kuomba msamaha utaomba mwenyewe. Na mimi nina la kwangu la kuomba."

Fundi aliweka nyundo chini walipoingia. Sindano alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Baba, nilikusingizia. Nisamehe."

"Kwa hiyo ulikuwa unashiba?" Fundi aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu.

"Nilikuwa nashiba, Baba. Kila siku."

Fundi aligeukia ukutani, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nimekusamehe," alisema hatimaye. "Lakini iliniuma, mwanangu. Nipe muda kidogo."

Mama Mkubwa aliketi pale pale penye kochi bovu. "Mimi pia nimekosa, shemeji. Kazini napokea watoto kila siku. Mmoja anasubiriwa nje na baba yake, mwingine na bibi, mwingine na jirani tu. Sijawahi kumwuliza mtu ana haki gani ya kusubiri. Namwuliza kama ameleta nguo ya kumfunika mtoto. Lakini nilipofika kwako nikaanza kuhesabu: baba yupo, mama hayupo, damu iko wapi. Sikutazama nani anaamka kumpikia mtoto uji. Wanaotunzana ndio familia, hata wakiwa watatu, hata kama damu zao ni mbili." Akamgeukia Sindano. "Na wewe ujue hili. Ukiwa mdogo unadhani maneno yako hayana uzito. Wakubwa wanayabeba, wanapanda nayo basi, wanakuja kutenganisha watu. Ukiwa na hasira, sema una hasira. Usitunge. Na likizo utakuja kwangu kama mgeni, na Sponji naye aje."

Sponji hakuwa akisikiliza. Alikuwa chini ya meza, amelikamata pindo la gauni la dada yake, anajitahidi kulifunga kwenye mguu wa meza kwa uzi wa kushonea makochi. Alizungusha, akazungusha tena, ulimi umemtoka kwa bidii. Sindano alimwona, lakini hakusogea. Alibaki palepale mpaka mdogo wake alipomaliza kufunga fundo.