Jiwe la Kuzuia Tairi

Msiniulize kama naamini. Fundi Marsela ni jirani yetu hapa Karatu, na kumtisha yule mama ni kazi ya kukesha. Ijumaa ile alikuwa anamalizia makande yake wakati Simel alipoingiza pikapu kuukuu gereji, injini ikilia kama inachinjwa.

"Shikamoo mama. Gia haipandi. Ni ya otomatiki, lakini inakwama namba mbili."

Simel alitoka ng'ambo ya Endulen, kule juu Ngorongoro. Mkewe, Nailantei, alipangiwa kujifungua kwa upasuaji Karatu siku ya Jumatatu. Wiki iliyopita walijaribu kuja, gari likachemka mlimani wakarudi. Leo Simel alikuja peke yake, akisimama mara sita kulipoza. Mjamzito asingeweza safari ya namna hiyo.

"Ilianza lini?"

"Tangu siku ile uliponitengenezea breki njiani kule mlimani."

"Breki na gia wapi na wapi? Usinisingizie!"

Marsela alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Oili nyekundu, safi, hainuki kuungua. Akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Kwenye sumaku yake kulikuwa na unga wa chuma wa kawaida tu. Akaipangusa mwenyewe, akaweka filta mpya, akakaza bolti na kuzitia alama ya rangi. Kebo nzima, nyaya nzima. Kasoro hakuiona.

Mchana wakatoka kulijaribu. Kuelekea Ngorongoro, gia zilipanda mpaka nne kwa ulaini. Marsela akacheka. Akageuza kurudi mjini.

Moja. Mbili. Ikakwama.

Akageuza tena. Nne. Akageuza. Mbili. Barabara ni ileile, tambarare.

"Mama," Simel alinong'ona, "halitaki kuja huku."

"Gari ni chuma. Chuma hakina kutaka." Lakini aliogopa, na kule kuogopa kulimuudhi.

Fundi akikosa kasoro hupunguza kimoja kimoja. Alishusha vyote vya nyuma: tairi ya akiba, dumu, kamba, jiwe la kuzuia tairi. Akaendesha kuelekea mjini. Nne. Akarudisha tairi. Nne. Dumu na kamba. Nne. Akarudisha jiwe.

Mbili.

Alipolishusha tena, lilikuwa na joto, kama limetoka jikoni.

"Hili ulinipa wewe siku ya breki," Simel alisema polepole. "Ulilitoa wapi?"

"Kwenye lundo kando ya njia. Ukungu ulikuwa mzito, nikaona liko bapa. Nikakwambia usitembee bila hilo."

Simel alishika kichwa. "Mama, pale amelala mzee wetu. Kila apitaye huongeza jiwe. Hakuna anayetoa."

Marsela alilipangusa jiwe vumbi. "Basi nimekosa. Lakini mkosaji ni mimi. Mjamzito anafungiwa njia kwa lipi?"

Walilipeleka alasiri ileile. Lundo lilikuwa na pengo. Marsela akalirudisha jiwe, akaongeza jingine alilookota Karatu. Simel akachuma majani mabichi, akayaweka juu kwa desturi yao, akainamisha kichwa. Marsela hakuinamisha.

"Shikamoo mzee. Jiwe lako hilo, na nyongeza. Nimekosa, nisamehe. Jumatatu Nailantei anapita hapa. Ukimzuia, nitarudi, na sitakuja na shikamoo."

Ukungu ukawafunika.

Nyuma yao, *kak*.

Mkono wa gia ulikuwa umetoka P ya kuegesha, umekaa D ya kwenda. Injini imezimwa. Ufunguo mfukoni mwa Marsela. Pale ni mteremko mkali, breki ya mkono haijavutwa, tairi haina jiwe, na gari halikusogea hata inchi moja.

"Ingia," Marsela alimwambia Simel. "Amejibu."

Jumatatu Nailantei alifika bila gari kusimama hata mara moja. Akapata mtoto wa kike.

Mwezi uliofuata Simel alirudi kubadilisha oili ya gia. Marsela alikagua bolti za sampo. Alama zake za rangi zilikuwa vilevile. Hakuna aliyezigusa. Akafungua.

Juu ya sumaku, katikati ya oili, palikuwa na majani mabichi, yaleyale Simel aliyoyaweka lundoni. Hayakuwa na tone la oili. Yalikuwa na umande.

Aliyapokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea, mzee," alisema kwa sauti. "Ila siku nyingine pitia mlangoni."

Akayatundika juu ya mlango wa gereji. Nenda kayaone. Hayajakauka.