Mipira Mitatu ya Shemeji

Mimi siogopi kitu, muulize yeyote mtaani. Labda mke wangu akinyamaza. Ndiyo maana dada yangu aliniita mimi, si mwingine, nikamsimamie mumewe mazoezi.

Shemeji alikuwa ametoka chumba cha wagonjwa mahututi, miguu imelegea kama ya ndama aliyezaliwa jana. Mtaalamu wa mazoezi alimwachia fremu ya kutembelea na kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu. Unavuta pumzi kwa mrija, mipira inapanda. Ikipanda yote, mapafu yamepona.

Asubuhi ile jua lilikuwa limejaa sebuleni. Dada alikuwa uani akianika nguo.

"Vuta, shemeji! Hata kuku anapandisha mmoja."

"Usinichekeshe, nitakufia hapa."

Akavuta. Mpira mmoja ukatikisika, ukalala. Akakiweka kifaa mezani. Kisha akaninong'oneza:

"Mwondoe huyo kwenye kiti changu."

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Ila mto wake ulikuwa umebonyea.

Pale mezani, mpira wa kwanza ukapanda. Wa pili. Wa tatu. Mrija haukuguswa na mtu.

Shemeji akashika kifua. Kila mipira ilipopanda, yeye alikosa hewa. Midomo ikaanza kuwa myeusi.

Nilipiga ukelele ambao sitausimulia. Dada akaingia mbio, akaiona mipira. Beseni likamtoka mkononi.

"Kaka," akanong'ona, "ni mimi nimemleta."

"Nani?"

"Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, kule hospitali. Nesi aliniambia niongee na mume wangu, atasikia. Sikuwa na miwani. Wote wana mirija usoni. Nikamshika mkono mtu nikamwambia, amka twende nyumbani, kiti chako cha dirishani kinakungoja. Nesi akaja kunigusa bega, akasema: Mume wako ni huyu wa pili, mama."

"Na yule?"

"Alikufa jioni ile ile."

Mipira ikapanda. Shemeji akateleza hadi sakafuni. Macho yakageuka.

Dada akapiga magoti mbele ya kiti kitupu.

"Baba, nisamehe. Sikukuita wewe. Mume wangu ni huyu. Niachie pumzi yake."



Mipira ikashuka, mmoja mmoja. Mto ukafura taratibu, kama mtu mzito ameinuka. Fremu ikakwaruza sakafu. Kidogo. Tena kidogo. Ikasimama mlangoni.

Shemeji akakohoa, akavuta hewa kwa kishindo. Mchana ule alipandisha miwili. Siku hizi anatembea mwenyewe hadi dukani, na anautangaza ule ukelele wangu kwa kila mtu.

Kifaa tulikifungia kabatini. Juzi dada alinituma nikatafute nyundo humo. Nikafungua.

Mrija ulikuwa umelowa mate.

Na mipira yote mitatu ilikuwa juu, imetulia, kama mtu aliyebana pumzi ili asisikike.