Mstari wa Arobaini na Mbili

Ni nini kilicholipotosha lori lile, ilhali dira ilikuwa nzima na aliyeisoma hakuwa mzembe? Koplo Denzil Trewin alijiuliza hivyo tangu asubuhi, usukani ukimtetemekea mikononi. Kwa hesabu zake wangeifikia barabara ya pwani jana alasiri. Mbele yake hapakuwa na barabara wala pwani. Palikuwa na vumbi jekundu lililoachwa na dhoruba, na jua lililofifia likawa doa tu juu ya utosi.

Lilikuwa lori la jeshi la kukokota magari yaliyoharibika vitani, lenye magurudumu sita na kreni mgongoni. Tangu lishushwe melini Aleksandria, vikosi vinne vilikuwa vimelirithishana, na kwa kila mzigo uliofikishwa kambini mstari mweupe ulipakwa kwenye mkono wa kreni. Mistari ilikuwa arobaini na mmoja. Hakuna aliyewahi kuutelekeza mzigo jangwani, na mkuu wa lori, Sajini Wilf Ackroyd, aliilinda sifa hiyo kama mtu alindavyo jina la mama yake.

Mzigo wa safari hii ulikuwa injini ya kifaru kilichoungua, iliyoning'inia nyuma tu ya kibanda cha dereva. Pamoja nayo walikuwa wamemwokoa dereva wa kifaru hicho, Percy Lomax, paja lake likiwa limepasuliwa na kipande cha chuma. Jeraha lilikuwa limeanza kunuka.

Saa saba mchana rejeta, tangi la maji ya kulipoza lori, ilichemka kwa mara ya tatu, na magurudumu yakadidimia mchangani. Maji yaliyosalia hayakufika nusu debe. Ackroyd alisema yaingie yote kwenye rejeta, la sivyo wangekufa wameketi. Trewin akamwonyesha midomo ya Lomax, iliyopasuka na kuvuja damu.

"Linyweshe lori kwanza," Lomax alinong'ona. "Mimi sina magurudumu sita."

Trewin alichukua nanga ya winchi, mashine ya lori ya kukunja waya wa kuvutia, akauburuta waya wake hatua arobaini mbele ili lori lijivute lenyewe. Alipokwisha kuipigilia nanga, alitoa dira yake ya mkononi, kwa mazoea tu. Kaskazini yake haikuwa kaskazini ya dira ya kibandani aliyoifuata siku mbili; zilipishana vibaya mno. Akageuka kulitazama lori. Injini ya kifaru ilikuwa ikibembea taratibu, chuma kitupu, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti chake.

Dira ya kibandani aliirekebisha yeye mwenyewe kambini, kwa uangalifu wote. Lakini siku ile kreni ilikuwa tupu.

"Nimekosea mimi, Sajini," alisema aliporudi. "Injini imeivuta sindano siku mbili nzima. Tumekuwa tukienda sambamba na pwani. Barabara iko kule, maili thelathini, na kwa uzito huu hatufiki."

"Unaniambia niishushe?"

"Ndiyo. Tukiishusha, lori litakwenda bila kuchemka, na maji atakunywa huyu."

"Vikosi vinne, kijana. Hakuna aliyeshusha."

"Na hakuna kati yao aliyembeba Lomax."

Ackroyd aliitazama ile mistari. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, aliufungua waya wa kreni. Injini ikatua, mchanga ukaimeza nusu.

Winchi ikalivuta lori hadi kwenye mchanga mgumu. Kikombe kimoja walikitia kwenye rejeta. Yaliyobaki akapewa Lomax, funda kwa funda. Kila maili Trewin, asiyeiamini tena dira ya kibandani, alishuka, akatembea hatua thelathini mbali na lori, akasoma dira, akarudi mbio. Rejeta iliguna, haikuchemka. Jua lilipokaribia kutua waliziona nguzo za simu za barabara ya pwani.

Kesho yake, Lomax akiwa hai kwenye hema la wagonjwa, meja alikuja kuulizia injini. Ackroyd alisimama wima, brashi ya rangi mkononi.

"Niliishusha jangwani, afande, kwa amri yangu. Mstari wa arobaini na mbili naupaka leo, na ni wa Lomax."