Sauti ya Bi Verla

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu moja ya Februari, spika za shule zilimwita Tate Bowcutt ofisini.

"Tate, njoo, mwanangu. Harakisha."

Sauti ilikuwa ya Bi Verla Stoker, karani aliyesoma matangazo ya sekondari ile kwa miaka ishirini na miwili. Ila Bi Verla mwenyewe alikuwa bado nje kwenye theluji, anatoa mkoba wake garini. Alisimama akajisikiliza akiongea. Tena hakuwahi kumwita mwanafunzi yeyote "mwanangu".

Tate hakufika ofisini. Walimkuta saa nne katika chumba cha boila, mtambo wa kupasha shule joto, chini kabisa ya jengo, kasimama uso ukutani. Walipomgeuza akafumbua mdomo, wala hakikutoka kitu. Hata kikohozi chake kilikuwa kimya. Hospitali ya mji ilimchunguza koo, wakasema ni zima.

Jumatano akaitwa binti mmoja wa kwaya. Ijumaa, ndugu wawili wa shamba la Ririe. Wote wakakutwa palepale, wote mabubu, na kila aliyepewa karatasi aliandika neno moja: Bi Verla alituita.

Katika mji mdogo kama ule wa jimbo la Idaho, Marekani, habari haihitaji siku mbili. Mama yake Tate aliingia ofisini na mabuti yake ya matope, akapiga meza kwa ngumi.

"Umemfanya nini mwanangu, wewe kizee? Sema! Umempa nini?"

Alipotolewa nje, mkuu wa shule, Dwight Hadlock, akafunga mlango.

"Nenda nyumbani, Verla. Kabla hawajakuvunjia madirisha."

"Dwight, ile siyo sauti yangu. Ijumaa nilikuwa nimekaa mbele yako! Uliniona mdomo umefumba!"

Hadlock aliinamisha macho. "Niliona," akanong'ona. "Ndiyo maana nataka uondoke."

Bi Verla alikuwa anakunja sweta lake kuliweka kwenye boksi, spika ya juu ya kichwa chake ilipokwaruza.

"Kinley, mjukuu wangu. Shuka chini."

Kinley alikuwa na miaka kumi na sita, na Bi Verla ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Boksi lilimponyoka. Alikimbia ukumbini bila kiatu kimoja, na mlangoni mwa jikoni akagongana na Eulalia Archuleta, mpishi mkuu, ambaye tayari alikuwa amekumbatia mfuko wa chumvi.

"Nimesikia," Eulalia alisema wakishuka ngazi. "Niliwaambia, Verla. Kiangazi walipobomoa ukuta wa chini kupitisha nyaya za spika, niliwaambia wauache. Mama yangu alipika hapa kabla yangu. Ukuta ule ulijengwa kukizuia."

"Kuzuia nini?"

"Shii! Kinasikiliza. Sauti ndiyo chakula chake."

Chini kulinuka maziwa yaliyochacha na chuma cha moto, na kadiri walivyosogea taa zilizidi kufifia, joto la boila likageuka baridi inayouma meno, hadi wakamwona Kinley amebandika paji la uso kwenye tundu la ukuta, mdomo wazi, mabega yakimtetemeka, na kutoka ndani ya tundu lile wakasikia watoto wakiongea, Tate akicheka, binti wa kwaya akiimba, ndugu wawili wakibishana, wote kwa pamoja, wote karibu mno, kama wamesongamana nyuma ya pazia.

Kisha wakanyamaza.

"Umechelewa, bibi," ilisema sauti ya Bi Verla kutoka gizani.

Eulalia alimwaga chumvi kizingitini, akamwita Malaika Mikaeli kwa Kihispania cha mama yake. "Toka! Kwa jina la Mungu, toka!"

"Nitoke niende wapi? Mlango mmenifungulia wenyewe." Kikacheka kwa kicheko cha Tate. "Na mikono mitupu siondoki."

"Waache watoto," Bi Verla alisema. "Chukua sauti yangu."

"Verla, nyamaza! Usiseme hivyo!"

Lakini alikwisha sema. Kitu baridi kama kijiko cha chuma kilimpita ulimini, kikashuka kooni, kikatafuta, kikatoka.

Dakika ileile, nyumbani kwao, Tate Bowcutt aliomba maji. Kinley alianguka mikononi mwa bibi yake akilia kwa sauti kubwa, sauti yake mwenyewe, na Eulalia akazishika nyaya kwa mikono miwili akazing'oa ukutani zote, mpaka cheche zikamchoma vidole.

Walipanda ngazi polepole, mjukuu akimshika bibi kiuno. Bi Verla alijaribu kumwambia yamekwisha. Midomo ilicheza, basi.

"Bibi, ongea na mimi," Kinley alisihi. "Tutafanyaje sasa?"

Darini, kwenye spika ambayo nyaya zake zilikwisha kung'olewa, kitu kilisafisha koo.

"Usijali, mjukuu wangu. Kuanzia leo nitaongea mimi."