Kohoa, Mwanangu

Jua lilikuwa linazama, na Masikio alikuwa ameshashika kufuli la karakana yake ya redio za magari. Jina hilo alipewa na watani, waliosema anaweza kusikia waya ukikatika mtaa wa pili. Mfukoni alikuwa na chupa ya dawa. Mwanawe mchanga alikuwa anakohoa tangu juzi, na mkewe alikuwa anaisubiri.

Gari la zamani likasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja wa makamo, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Spika yangu kubwa ya nyuma imenyamaza, fundi."

"Kesho, mama. Leo nina mgonjwa."

Yule mama akaitazama chupa. "Mtoto, eeh? Pole, baba." Akainama, akaokota bisibisi iliyokuwa imeanguka, akaifuta vumbi kwa mtandio wake na kumpa.

Wema huo mdogo ukamshinda Masikio.

"Haya, ngoja niangalie haraka haraka. Baraka utaniombea wewe."

Akatambaa ndani ya buti, mama akimshikia tochi. Redio ilikuwa inaimba vizuri mbele, ila besi, ule mngurumo mzito wa nyuma, hakuna. Taa ya amplifaya ilikuwa inawaka. Fyuzi nzima. Nyaya zimekaza. Basi akachomoa nyaya za spika, akazigusisha kwenye betri ndogo. Spika nzima ikiguswa hivyo hukohoa: tup! Iliyokufa haisemi kitu. Na Masikio alikuwa na mazoea yake; kila spika aliibembeleza.

"Kohoa, mwanangu."

Kimya.

"Kohoa basi, mwanangu, twende zetu nyumbani."

Tochi ikazimika. Mlango wa buti ukashuka… taratibu… ko!

Giza. Harufu ya maziwa yaliyochacha.

Kisha, ndani ya sanduku la spika, kitu kikakohoa.

Haikuwa tup. Kilikuwa kikohozi chenye makohozi, cha kifua kidogo. Masikio alikijua. Alikuwa amekesha nacho.

Akausukuma mlango. Haukutikisika. Akajaribu kugeuka, magoti yakimgusa kidevu, kiganja kikateleza ndani ya tundu la pembeni la sanduku…

Vidole vidogo, vya moto, vikamshika kidole gumba.

"Mama! Nifungulie!"

"Shh… taratibu, baba." Sauti ilitokea kwenye upenyo wa mlango, na upole wake uleule. "Umemwita mwana, naye ameitika. Hatakuachia mpaka umkane."

"Nimkane vipi?"

"Sema si wako. Kisha nenda kampe mgonjwa wako dawa."

Kikohozi tena. Kilekile. Na vidole vilikaza vilevile kama mwanawe alivyokaza akiwa ananyonya. Hewa ilikuwa inamwishia. Mwanangu yuko nyumbani, alijiambia. Yuko mgongoni kwa mama yake.

"Si wangu," akanong'ona. "Wewe si mwanangu."

Vidole vikalegea. Kimoja… kimoja…

Mlango ukafunguka, na besi ikanguruma mpaka mabati ya karakana yakatetemeka.

"Ahsante, baba," yule mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Nyumba yangu ilikuwa kimya mno."

Masikio alikimbia njia nzima. Mkewe akampokea mlangoni akitabasamu, mtoto begani.

"Mbona unahema kama umefukuzwa? Tulia, huyu amepona! Kumeingia giza tu, kikohozi kikakatika kama uzi."

Masikio akanyoosha kidole gumba. Mtoto hakukishika. Alimtazama tu, ametulia… kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Si umchukue!" mkewe akacheka. "Kwani si mwanao?"

Nje, gari lilikuwa linapita polepole. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Besi nzito… nzito… na katikati yake, kikohozi.

Mkewe hakusikia kitu. Masikio alisikia kila pumzi mpaka gari likakata kona, na chupa ya dawa ilikuwa bado mfukoni, haijafunguliwa.