Kitabu Kilichofichwa Nyuma ya Vitabu vya Sheria

Aliyetaka kujua nani kaoa, nani kahama na nani kanuniana na nani hakuwa na haja ya kuhangaika mtaa mzima. Alikwenda tu kwenye kibaraza cha fundi cherehani, akaketi kwenye benchi, akajifanya amekuja kupunguziwa suruali. Hapo ndipo binti wa fundi, msichana wa miaka kumi na miwili, alipofanyia kazi zake za shule kila alasiri. Mikono yake iliokota pini zilizodondoka, na masikio yake yakaokota habari. Watu walimwita Chapuchapu kwa sababu hakujua kungoja. Chai aliinywa ingali inafuka moshi, kisha akashinda akilalamika kwamba ulimi umeungua.

Jioni moja aliyeleta habari alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa. Watoto walimpa jina la Bi Shii, maana kutwa alikuwa na kidole mdomoni akiwanyamazisha. Alikuja kujaribu gauni lake jipya, na huku akipimwa kiuno akasema kwamba maktaba imepokea vitabu vipya, maboksi kwa maboksi, vya hadithi na vya maarifa. Mama yake Chapuchapu akaacha kupima, akauliza kama kuna kitabu cha kufundisha kushona makoti. Chapuchapu hakungoja jibu. Alikuwa ameshafika nyumba ya jirani kumpasha habari Kijiti, mvulana mwembamba aliyeketi naye dawati moja.

Kesho yake, walipotoka shuleni, wakaenda pamoja. Vitabu vipya vilipangwa kwenye meza karibu na dirisha, kila kimoja na utepe mwekundu mgongoni. Vilinukia upya. Chapuchapu akakamata hadithi ya wasichana watatu wanaoisaka treni iliyopotelea milimani, akaanza kuisoma akiwa wima. Kijiti akasoma juu ya bega lake. Walipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, kila mmoja alikuwa ameshaamua kitabu ni chake.

Lakini kanuni ya maktaba ilikuwa moja: mtoto haazimi kitabu kingine kabla ya kurudisha alicho nacho. Cha Chapuchapu kilikuwa nyumbani chini ya godoro. Cha Kijiti vilevile kilikuwa nyumbani. Chapuchapu akajaribu kumbembeleza Bi Shii, akaapa kwamba kile cha zamani atakileta kesho bila kukosa.

"Basi na hiki utakichukua kesho, mwanangu," Bi Shii akamjibu. "Kama hakijachukuliwa."

Hilo neno "kama" likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alipogeuka, Kijiti alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuleta kitabu chake. Chapuchapu aliijua miguu ya Kijiti. Kushindana nayo ilikuwa kujisumbua.

Akaangaza huku na huku. Kwenye kona ya nyuma palikuwa na rafu ya vitabu vya sheria, vinene na vya kale, ambavyo hata vumbi lilikuwa limechoka kuvikalia. Akavivuta viwili mbele, akakisukuma kitabu chake nyuma. Utepe mwekundu ukawa unachungulia. Akarudi mezani, akachukua kitabu kipya kikubwa kuliko vyote bila hata kusoma jina lake, akakisimamisha mbele ya kile kidogo kama pazia. Kisha akarudishia vile vya sheria. Alijiambia kwamba hajaiba kitu. Amekiwekea nafasi tu.

Kijiti alirudi akihema, kitabu cha zamani mkononi. Akatafuta juu ya meza, akatafuta chini ya meza, akamuuliza Bi Shii, naye akashangaa maana hakuna aliyekiazima. Chapuchapu alimtazama akitafuta, akajifanya anafunga kamba za viatu. Kijiti akaenda nyumbani mikono mitupu, amenuna.

Sasa ngoja nikuambie jinsi mambo yanavyokwenda mrama. Kesho yake Chapuchapu alitaka kutoka shuleni kengele ilipolia, ila kwa haraka yake ya kila siku alikuwa amefanya hesabu bila kusoma maswali, na mwalimu akambakiza darasani azirudie. Alipofika maktaba, mlango umefungwa. Siku iliyofuata alikimbia tangu getini, akakuta karatasi imebandikwa mlangoni: maktaba inapakwa rangi, itafunguliwa wiki ijayo. Aliupiga teke mlango, akaumia kidole cha mguu. Alirudi nyumbani akichechemea na kuwalaumu mwalimu, wapaka rangi na viatu vyake.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kibaraza kilikuwa kimejaa, lakini hakuna aliyecheka. Dereva wa lori, bwana harusi wa Jumamosi, alikuwa amempa fundi kazi ya koti la suti. Fundi alikuwa bingwa wa magauni na sare za shule, lakini koti lenye bitana na kola lilikuwa mara yake ya kwanza, na kola ilikataa kulala. Ilisimama upande mmoja kama sikio la mbuzi aliyesikia fisi. Alishona, akafumua, akashona, akafumua tena, mpaka kitambaa kikaanza kuchakaa. Dereva alisema kwa upole kwamba ikishindikana atampelekea fundi wa barabara kuu. Upole huo ulimuuma fundi kuliko tusi, maana benchi zima lilisikia, na benchi lile lilikuwa halina breki. Kabla ya jua kuzama, mtaa mzima ungejua kwamba fundi wao ameshindwa.

Wateja walipoondoka, mama akaitupa futi ya kupimia juu ya cherehani.

"Bi Shii mwenyewe aliniambia kitabu kipo," akasema. "Kinaonyesha kola hatua kwa hatua. Jana nimekwenda, tumekitafuta mimi na yeye mpaka macho yakaniuma. Hakuna aliyekiazima, na hakipo. Sijui kimeota miguu."

Chapuchapu akauliza, kwa sauti ndogo, kitabu chenyewe kinafananaje.

"Kikubwa. Kijani. Mbele kina picha ya mkono ulioshika mkasi."

Pini alizokuwa ameokota zikamponyoka. Pazia lake! Alikumbuka ule mkono, ule mkasi. Angengoja jibu siku ile Bi Shii alipokuwa akipimwa kiuno, angekijua. Akafikiri kwamba angekwenda akitoe kimyakimya, kisha akakumbuka mlango umefungwa na harusi ni keshokutwa. Hapakuwa na ujanja uliobaki isipokuwa ukweli.

"Mama, hakikuota miguu," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, huku akitazama sakafu. Mama hakugomba. Alichukua kanga yake na kumwambia waende, kwani maneno hayo mwenyewe wa kuambiwa yuko maktaba.

Walibisha hodi hadi mpaka rangi mmoja akawafungulia. Bi Shii alikuwa ndani, kitambaa kichwani, rangi puani. Chapuchapu akaamkia, akarudia maungamo yake, na kuyarudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Halafu akageukia ile kona. Rafu ilikuwa tupu. Vitabu vyote vya sheria vilikuwa vimefungwa kamba na kurundikwa stoo, mafurushi mpaka karibu na dari.

Chapuchapu akataka kulia. Bi Shii akamkabidhi ngazi.

Walifungua furushi moja baada ya jingine. Mara wakakuta kitabu chenye utepe mwekundu, lakini si chenyewe, kilihusu nyota. Furushi jingine likatoa cha upishi. Jingine likatoa cha mchezo wa drafti, na ndani yake kimesahauliwa kipande cha chaki na kalamu ambayo Chapuchapu aliitambua kuwa ya mwalimu wake wa hesabu, kwa kofia yake iliyotafunwa. Mama akajikaza asicheke, akashindwa. Hata Bi Shii alicheka bila kuweka kidole mdomoni.

"Kumbe!" akasema. "Kila siku watu wananilalamikia kwamba vitabu vipya hawavioni. Wanaolalamika ndio waliovificha."

Kitabu cha kijani kilikuwa kwenye furushi la chini kabisa, na cha treni kimebanwa nyuma yake. Bi Shii alimwazima fundi kile kikubwa palepale. Kile cha treni alikiweka mezani kwake. Akasema kitaanza kwa Kijiti, aliyerudi na kitabu chake siku ya kwanza, na Chapuchapu atafuata. Zaidi ya hayo, wiki ijayo kila akitoka shule atasaidia kupanga rafu upya. Chapuchapu akaitikia.

Usiku huo kola ilifumuliwa mara ya mwisho. Kitabu kilionyesha kwamba kipande cha chini hukatwa kiwe kidogo kuliko cha juu, na hapo ndipo siri ilipokuwa. Asubuhi kola ikalala shingoni kwa dereva kama imezaliwa naye. Benchi likasifu kwa sauti ileile ambayo lingesengenyea.

Sifa hizo ziliendelea hata wiki iliyofuata, maktaba ilipofunguliwa, lakini Chapuchapu hakuzisikia sana. Kijiti alikuwa ameketi ukingoni mwa kibaraza na kitabu cha treni, akisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, ukurasa mmoja kwa robo ya alasiri. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kupanga rafu. Mama alimwona anavyotapatapa, akamsogezea pini.

"Gauni nalikata kwa kipimo cha mtu mmoja, halimfai mwingine," akamwambia. "Kitabu cha maktaba hakikukatwa kwa kipimo chako, mwanangu. Ukikificha, unawavua wenzako nguo, na siku moja utajikuta umemvua mama yako. Usifiche. Ngoja zamu yako."

Chapuchapu akaokota pini. Kijiti akafunua ukurasa, akaguna kwa mshangao, akafumbua mdomo amweleze treni imeonekana wapi.

"Usiniambie," Chapuchapu akasema, akiziba masikio. "Nangoja."