Rangi Iliyobaki Kaburini

Kila kitu kilikauka isipokuwa kitanda cha mtoto.

Ukuta ulikauka. Mlango wa mbao ulikauka. Hata kaburi la Bibi Losa mbele ya nyumba, ambalo saruji yake hunywa rangi kama mtu mwenye kiu, lilikuwa liking'aa buluu. Lakini Lupe alipogusa ukingo wa kitanda cha mwanawe Manu, kidole kilirudi na rangi mbichi.

Jumapili ya Watoto ilikuwa inakaribia, sikukuu ambayo nyumba na makaburi hupakwa rangi upya, na kijiji chote, kama vijiji vingine vya kisiwa cha Savai'i, kilinuka thina ya kuyeyushia rangi. Fetu, mumewe, alisema kosa ni lake: mbao ya kitanda ilikuwa na rangi ya maji ya zamani, naye akaipaka ya mafuta bila kupiga msasa. Akaikwangua, akaisugua kwa msasa huku akimwimbia Manu asiogope ile kelele, akapaka upya kwa rangi ileile.

Asubuhi ukingo ulikuwa mbichi tena. Juu yake palikuwa na alama ya kiganja cha mtu mzima, iliyovurugika kidogo. Shavuni mwa Manu palikuwa na mstari wa buluu, kama mtu amempapasa.

Lupe alimshuku wifi yake, Vaosa. Vaosa hakujaliwa mtoto, na alizoea kutania kwamba pua ya Manu ni yake, siku moja ataichukua pamoja na mwenyewe. Sasa Lupe hakucheka tena. Alimchungulia kucha kila alipopakua majimbi, akitafuta buluu. Alisahau kwamba mikono hiyohiyo ndiyo iliyomkanda alipojifungua.

Jioni baragumu la sala lililia, njia ikawa tupu, familia ikaketi mkekani. Katikati ya wimbo Lupe akasikia brashi. Ilipita juu ya mbao polepole, ikienda na kurudi, nyuma ya pazia alikolala Manu, na harufu ya rangi ikaja imechanganyika na mafuta ya nazi yaliyochacha ambayo hakuna mtu humo ndani aliyejipaka, na Manu akacheka kile kicheko anachokitoa akibebwa tu, na Lupe akageuka kumtafuta Vaosa, akamkuta ameketi palepale ubavuni mwake, macho wazi, akisikiliza pia.

"Wifi," Vaosa alinong'ona, "ulidhani ni mimi?"

Vaosa akamshika Lupe mkono, wakaingia pamoja nyuma ya pazia. Manu alikuwa peke yake, anatabasamu. Ukingoni palikuwa na alama mpya, safi kabisa. Vaosa akaweka kiganja chake kando yake. Chake kilikuwa na vidole vitano. Ile alama ilikuwa na vinne.

Bibi Losa, bibi yake Fetu, alipoteza kidole akipasua nazi, kabla Fetu hajazaliwa.

Ndipo Fetu akainamisha kichwa, akakiri. Rangi ya kitanda haikutosha, akaongezea ile iliyobaki baada ya kupaka kaburi. Kwao mabaki hayo humwagwa miguuni pa kaburi. Mkebe uliofunguliwa kwa ajili ya marehemu hauingizwi ndani. Lakini alimhurumia mtoto kukosa kitanda kizuri.

"Umempakia bibi njia ya rangi," Vaosa alisema, "mpaka kwa mtoto."

Kulipokucha alikuja Mama Nive, mganga wa majani. Aliagiza mbao ikwanguliwe mpaka iwe tupu, ioshwe kwa thina, na kila tone lirudishwe kaburini. Vaosa alimkataza Lupe kusaidia, kwa kuwa ananyonyesha na thina ni kali. Akakwangua yeye mpaka vidole vikachubuka. Mama Nive akainama juu ya kaburi, akasema kwa adabu, "Bibi, pumzika. Huyu ni wa walio hai."

Kitanda kilipakwa nyeupe kutoka mkebe mpya. Kilikauka kabla ya adhuhuri. Lupe alimwomba wifi yake msamaha, akajibiwa kwamba pua bado ataichukua. Wakacheka.

Jumapili Manu alivaa nyeupe. Walipotoka kanisani, Vaosa akiwa amembeba, walipita kaburini kumshukuru bibi. Juu ya rangi iliyokauka zamani palikuwa na kiganja cha vidole vinne, kimezama kama kwenye rangi mbichi. Ndani yake palikuwa na kiganja kingine, kidogo sana.

Manu hakuwahi kushushwa pale.

Vaosa akamkaza mtoto kifuani. Lupe akashika kile kingumi kidogo, akakikunjua kidole kimoja kimoja. Ndani ya kiganja palikuwa na rangi ya buluu, na bado ilikuwa mbichi.